Kabla hujaandika "mchoro huu unaonyesha umoja", pita hapa kwanza

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nawapenda, ila wiki iliyopita mmenichosha. Nimekaa pale nyuma nikasikiliza prezentesheni nane mfululizo za uchambuzi wa picha ya soko, na saba zimeanza na sentensi ileile, eti mchoro huu unaonyesha maisha ya kila siku ya watu na umoja wao. Saba! Ya nane nikawa naiombea dua kabisa, ikaanza na "soko ni kioo cha jamii", nikalaza kichwa mezani. Sio kwamba ni uongo jamani. Shida ni kwamba sentensi hiyo unaweza kuiandika bila kuiona picha, mtu akikupigia simu tu akakwambia ni picha ya soko unaiandika ukiwa kitandani. Na najua wengine ndivyo mlivyofanya, msinibishie.

Basi naandika mambo machache hapa, nitajitahidi kuweka namba ingawa najijua.

1. Maana iache mlangoni kama viatu. Dakika kumi za kwanza ni daftari, kalamu na macho, neno "inaashiria" ni marufuku. Andika kilichopo tu. Mstari wa upeo (pale mbingu inapokutana na ardhi) uko wapi, nani yuko mbele, nani kageuza mgongo, na macho ya mchoraji yako kwenye kimo gani. Hilo la mwisho ndilo mnalolirukaga kila mwaka na kwenye picha ya soko ndilo lenye utamu wote, kwa sababu ukishajua macho yako wapi unajua na wewe umepewa kazi gani mle ndani. Ukiwekwa juu kama umepanda paa, watu wote wanageuka vichwa na vikapu, hakuna anayekujua wala unayemjua. Ukishushwa hadi usawa wa meza ya bidhaa, tayari wewe ni mteja, muuzaji anasubiri useme kitu. Kaangalieni zile picha nne za mchoraji Joachim Beuckelaer za mwaka 1569 na 1570, ziko makumbusho ya National Gallery ya London, yule bwana anarundika mboga na samaki mbele kabisa mpaka unahisi zitakuangukia miguuni. Huwezi kuandika kuhusu picha ile kama vile umeiona ukiwa dirishani ghorofa ya tatu.

2. Hakikisha unachokitazama ndiyo picha yenyewe. Hapa naomba mkae chini maana ni hadithi, na naisimulia kwa aibu zangu zote.

Nilikuwa mwaka wa pili. Asaimenti kurasa kumi na mbili, alama zake nyingi, dedilaini Jumatatu, na mimi Jumamosi usiku ndo nachagua picha. Nikaingia intaneti, nikakutana na mchoro wa kibanda cha nyama wa Pieter Aertsen, mchoraji wa Kiholanzi, wa mwaka 1551. Aisee. Kichwa cha ng'ombe kimechunwa na jicho lake bado liko wazi linakutazama wewe, soseji zinaning'inia, kichwa cha nguruwe, ndege waliochinjwa, samaki wawili wamepishana kwenye sahani. Nikapagawa. Nikaihifadhi ile ya kwanza niliyoiona, ilikuwa kali, rangi zimekolea, nikasema hii hii.

Sasa kwenye ile picha hapakuwa na mtu hata mmoja. Nyama tu. Na mimi kwa akili zangu za miaka ishirini na moja nikajiona nimegundua jambo ambalo dunia nzima imelipita. Nikaipa kazi kichwa cha habari "Soko Lisilo na Watu". Nikaandika kwamba msanii amewafuta binadamu makusudi ili kuonyesha bidhaa inavyommeza mwenye kununua. Nikaandika kwamba jicho la ng'ombe ndilo jicho pekee lililobaki sokoni. Nikaandika kurasa mbili nzima, mbili, kuhusu "ukataji wa kijasiri wa kingo", jinsi mchoraji alivyothubutu kuikata fremu kwa ukatili namna ile karne nyingi kabla ya kamera. Nikamalizia kwa kusifia nyuzi za turubai, kile kitambaa cha kuchorea, zinavyoonekana chini ya rangi. Nilipoisoma Jumapili usiku nilikaribia kujililia kwa uzuri wake.

Siku ya kuwasilisha nikavaa shati la kola. Mhadhiri wetu alikuwa mama mmoja mpole sana, hakatizi mtu, aliniacha nikaongea dakika ishirini zote huku anaandika andika. Nilipomaliza akasema asante, umejitahidi, naomba huo waya wa projekta mara moja. Akachomeka mashine yake, akaweka picha ukutani.

Ilikuwa ileile, na haikuwa ileile. Juu ya nyama zangu palikuwa na nusu nyingine ya picha. Kushoto, kule nyuma, kuna njia, na kwenye njia kuna watu, na kati yao kuna mwanamke kapanda punda, kainama anampa mkate mtoto ombaomba. Ni Mariamu huyo, na Yusufu, wanakimbilia Misri. Kulia kuna banda, kuna mtu anashughulika na maji, na nyuma yake tena kuna watu wamekaa wanakula na kunywa. Soko limejaa. Mama akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, kwenye soko lako lisilo na watu, huyu aliyepanda punda ni nani?"

Kuna mtu kule nyuma alicheka, kicheko kifupi cha puani, mpaka leo nikiwa naoga nakisikia.

Nikajitetea. Ndugu zangu, nilijitetea! Nikasema mwalimu, kwa mtazamo wangu mimi. Akasema, "Mtazamo wako umekatwa." Halafu akaongeza, kama mtu anayekuchomoa mwiba, kwamba na hiyo turubai niliyosifia nyuzi zake ni ubao. Rangi ya mafuta juu ya ubao. Zile "nyuzi" zilikuwa nukta za skrini yangu.

Kumbe nilichopakua ni kipande, sehemu ya chini, mtu alikiskani kutoka kwenye kitabu ili kuonyesha zile nyama kwa karibu, na chini yake ilikuwa imeandikwa waziwazi kwamba ni sehemu tu ya picha. Sikusoma. Nilikuwa na haraka ya kuwa na akili.

Na kinachouma zaidi sio kicheko. Ni kwamba nilichokosa ndicho picha ilichokuwa inakiongelea. Aertsen ameweka nyama mbele, kubwa, inang'aa, na huruma akaiweka nyuma, ndogo, unaweza kuifunika kwa kidole. Ni mtego ule, anakupima kama utaweza kuivuka nyama ukaona mkono unaotoa mkate. Mimi sikuvuka, nimefika kwenye soseji nimepiga kambi nikajenga na nyumba. Mtego wa 1551 ukanasa mtu mwenye laptopu. Na hadi tunamaliza chuo wenzangu waliniita Kichwa cha Ng'ombe, wengine wameniandika hivyo kwenye simu zao mpaka kesho.

Somo lenyewe ni sentensi moja: tafuta vipimo kwenye ukurasa wa makumbusho yanayoimiliki, linganisha uwiano wa upana na kimo na picha uliyonayo, kama haviendani umeibiwa. Ile ya Aertsen upana wake unakaribia mita 1.7 na kimo kama mita 1.15, yangu ilikuwa karibu mraba. Ningepima sekunde thelathini nisingeitwa ng'ombe.

Na ndiyo, kukata kingo kwa makusudi kupo. Mchoraji Camille Pissarro kwenye picha zake za masoko za miaka ya 1880 anakubana katikati ya mabega na migongo ya watu mpaka unataka kusema samahani naomba kupita. Pale uandike kuhusu kingo uwezavyo. Ila hakikisha kwanza aliyekata ni Pissarro.

3. Ukubwa. Hili ni pacha wa namba mbili. Kuna dada mmoja wiki iliyopita kachagua ule mchoro mrefu wa Zhang Zeduan wa China ya nasaba ya Song, mji, mto, maduka, wachuuzi, mamia ya watu, chaguo zuri mno nikakaa sawa kwenye kiti. Akasema udhaifu wa kazi hii haina kitovu, jicho linatangatanga. Dada yangu! Ile kitu kimo chake hakifiki sentimita 25 na urefu inapita mita tano, ni hati ya kukunjua, unashika huku unakunjua kidogo huku unakunja, unatembea nayo kutoka kulia kwenda kushoto. Wewe umeibana mita tano ndani ya skrini ya simu halafu unailaumu kwa kutangatanga. Ukiikunjua taratibu unatoka mashambani, unafika darajani, na pale chini kuna mashua inakaribia kugonga daraja, watu wanapiga kelele, wengine wameinama ukingoni wanaelekeza. Kama hicho sio kitovu sijui unataka nini, king'ora? Chukueni tepu ya karatasi mbandike ukutani fremu yenye ukubwa halisi wa picha kabla ya kuandika, inachukua dakika tano.

4. Mwanga. Hesabu vyanzo. Basi. Petrus van Schendel, Mholanzi wa karne ya 19, alikuwa fundi wa masoko ya usiku, mishumaa na taa mezani, na juu huko mara nyingi mwezi umejiweka. Mwanga wa mshumaa una joto na unapiga uso kutokea chini au pembeni, wa mwezi una ubaridi na unatua kwenye mapaa na maji. Kaka mmoja akasimama akasema giza linaashiria umaskini wa wauzaji. Hapana, giza linaashiria ni usiku. Baada ya hapo ndo uniambie ni nyuso zipi amezichagua ziangaziwe na zipi kaziacha zizame, hapo nitakusikiliza hadi kesho.

5. Nyekundu sio hatari, wala mapenzi, wala damu za mashujaa, mpaka picha yenyewe ikupe sababu. Kwanza nyekundu ni kitu kinachovuta jicho. Tafuta imerudiwa wapi na wapi, unganisha kwa mstari, mara nyingi utakuta umechora njia ambayo mchoraji alitaka upite.

6. Vidogo vidogo. Finya macho uone maumbo makubwa. Igeuze nyeusi na nyeupe uone toni, yaani wapi pana mwanga na wapi pana giza. Igeuze juu chini ukishaizoea. Funika kitu kimoja kwa kidole uone kama picha inaanguka. Usiseme "msanii ametumia mistari", kila mtu anatumia mistari.

7. Mikono! Karibu niisahau. Soko ni mikono, nani anatoa, nani anapokea, nani kashika pochi, nani anaonyesha kidole, mkono wa nani uko mahali usipotakiwa kuwa. Nyuso zinadanganya, mchoraji anaweza kuchora nyuso ishirini kwa sura moja ya binamu yake, lakini mikono ya biashara lazima ifanye kazi. Kuna mwaka nilikuwa na kijana mmoja mkimya, haongei kabisa darasani, kazi yake nzima ilikuwa mikono tu, kaichora upya kwenye karatasi bila miili, mikono inaelea, na ukiifuata unajua nani kaibiwa. Sikuwa na la kuongeza, nikairudisha na alama tu.

8. Picha sio kamera ya ulinzi. Mnaandika "hivi ndivyo soko lilivyokuwa" kana kwamba mchoraji alipita pale akabonyeza. Wachoraji wa maua wa Uholanzi wa karne ya 17 walikuwa wanaweka kwenye chombo kimoja maua ambayo hayachanui msimu mmoja, wanachora kila ua kwa wakati wake wanaliingiza. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa meza ya soko unadhani atakuwekea ukweli? Atakuwekea meza anayoitaka. Swali lako ni kwa nini kaitaka hivyo.

Nilikuwa na la tisa limenitoka kichwani. Ila kabla hamjaniona mimi mjanja, niwape na hii. Ile picha ya Aertsen nimeifundisha miaka kadhaa sasa, naingia nayo darasani kwa mbwembwe, nasimulia aibu yangu, watu wanacheka, naonyesha punda, naonyesha mkate, natoka kifua mbele. Muhula uliopita dogo mmoja wa kiti cha mbele kanyoosha mkono, akasema samahani kaka, kile kibao kule juu kulia kimeandikwa nini?

Nikageuka ukutani. Kibao kipo. Kikubwa tu, kina maandishi. Nikamwambia swali zuri, tutalijibu kipindi kijacho. Nikaenda kutafuta usiku ule: ni tangazo la ardhi inauzwa.