Mnauliza, Tunajibu: Miaka 55 Imetimia, Miezi Je?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Ilemela, Nyamagana na ng'ambo ya Busisi. Wengi mnataka kujua lini mtu aache kazi, na akishaacha, kama anaruhusiwa kuirudia. Tumechagua nne.

SWALI: Nafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara hapa Ilemela. Mwezi wa tatu natimiza miaka 55, nataka kustaafu kwa hiari nirudi Ukerewe nikalime. Nina miaka 16 kazini, mshahara 900,000, lakini taarifa yangu ya NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) inasoma miezi 171. Wenzangu wanasema umri ukifika basi, mengine yanajipa. Ni kweli?
*Baba Kulwa, Pasiansi*

JIBU: Baba Kulwa, barua ya kustaafu usiiandike kwanza. Wenzako wamekuambia nusu ya habari. Miaka 55 inakupa ruhusa ya kuondoka kwa hiari (lazima ni 60), lakini pensheni ya kila mwezi inadai michango ya miezi isiyopungua 180. Ukiondoka na 171 utalipwa mkupuo mara moja tu, na pensheni ya mwezi hutaiona. Miezi tisa ndiyo inayokutenganisha na malipo ya maisha.

Ila hesabu yako ina jambo jingine. Miaka 16 ni miezi 192, kwa hiyo kuna miezi 21 imepotea njiani. Viwandani sababu huwa zilezile. Ulianza kama deiwaka (kibarua wa kutwa) na hukuandikishwa mpaka ulipopata mkataba. Au samaki walipoadimika zamu zikapunguzwa, mkapewa likizo bila malipo. Au kampuni ilibadili jina, ukapewa namba mpya ya uanachama na michango ya zamani ikabaki kwenye ile ya kwanza. Mbaya zaidi ni pale ulipokatwa kwenye mshahara, fedha zisifike Mfuko.

Omba taarifa kamili ya michango, ile inayoonyesha mwezi kwa mwezi, si jumla peke yake. Kaa nayo mezani pamoja na slipu zako za mshahara na taarifa ya benki, uweke alama kila mwezi ambao slipu inaonyesha makato na taarifa iko tupu. Peleka orodha hiyo kwa mwajiri kwa barua, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, kisha nenda ofisi ya NSSF na nakala hiyo. Mkaguzi ana uwezo wa kumdai mwajiri, ila anahitaji karatasi. Maneno ya "nilikatwa, nakumbuka" hayamsaidii. Kama una namba mbili za uanachama, omba ziunganishwe. Hilo ni jepesi. Miezi ya udeiwaka ambayo hukukatwa chochote ndiyo migumu, usiijengee matumaini makubwa.

Sasa fedha zenyewe. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kinachukua miezi uliyochangia, kinaigawa kwa 580, kinazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka. Jibu ndilo pensheni ya mwaka kabla ya kumegwa. Baada ya mabadiliko ya 2024, kundi lililokuwa likipata mkupuo wa asilimia 25 zamani, ambamo umo wewe wa NSSF, humegewa asilimia 35, inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Asilimia 65 inayobaki hugawanywa kwa 12. (Watumishi waliokuwa kundi la asilimia 50 sasa humegewa 40.) Tukichukulia mshahara wako umesimama kwenye 900,000, ukiondoka na miezi 180 mkupuo ni kama 14,660,000 na pensheni ya mwezi kama 181,500. Ukivumilia hadi miezi 240, mkupuo ni kama 19,550,000 na pensheni kama 242,000.

Umetaja pia, katika sehemu ya barua tuliyoifupisha, kwamba meneja anataka kukutoa chumba cha baridi akupeleke getini kwa mshahara mdogo, nawe unaogopa mafao yatashuka. Hofu hiyo iweke kando. Wastani unaotumika ni wa miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi ndani ya miaka 10 ya mwisho. Mgongo ukichoka kusimama na kisu kwenye meza ya minofu, miezi tisa ya getini haitakuharibia. Kinachotakiwa ni mchango uendelee kuingia. Getini kubali, lakini makato yaendelee kuonekana kwenye slipu.

SWALI: Nimestaafu ualimu serikalini nikiwa na miaka 60. Shule moja binafsi huku Buhongwa inanitaka nifundishe Hisabati. Mkuu wa shule anasema mstaafu haandikiwi mkataba, "tutaelewana tu". Je, nikifanya kazi pensheni itasimamishwa?
*Mwalimu mstaafu, Buhongwa*

JIBU: Shikamoo mwalimu. Pensheni yako haisimami kwa sababu umeajiriwa na shule binafsi. Hiyo ni haki uliyokwisha kuichuma.

La "tutaelewana tu" likatae kwa upole. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, na mvi hazikutoi kwenye sheria hiyo. Hakikisha karatasi inataja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya vipindi kwa wiki, mshahara na siku ya kulipwa, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na taarifa ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi endapo mmoja wenu atataka kuachana. Saa za kazi za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Usimamizi wa prepu na Jumamosi za mitihani uwekwe humo, maana hapo ndipo wastaafu hupunjwa. Andikeni pia kama mnalipana wakati shule imefungwa. Wengi hugundua Desemba kwamba walikuwa wakilipwa miezi tisa.

Mshahara ukiwa hauzidi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiuona kwenye makato yako, uliza. Mgogoro ukitokea, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea lalamiko la kuachishwa ndani ya siku 30, mengine ndani ya siku 60. Usikae nyumbani ukisubiri huruma ya mkuu wa shule.

SWALI: Mume wangu amepata mkupuo wa milioni 37. Anataka kununua mtumbwi wa dagaa, injini na taa, vyote kwa mpigo. Mimi nasita.
*Mama Neema, Igombe*

JIBU: Mama Neema, una sababu ya kusita. Dagaa huvuliwa gizani kwa kufuata taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu chombo kinapumzika ufukweni, lakini mlinzi anakula. Masika yakianza, dagaa walioanikwa mchangani hulowa, huoza au huishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Gharama ya mafuta hutolewa kwanza, kisha ndipo mgawo na wavuvi unafanywa, na huo unafanyika alfajiri, ziwani au mwaloni (pale vyombo vinaposhusha samaki), ambako mwenye chombo wa miaka 60 mara nyingi hayupo. Kuna leseni ya kila mwaka pia, na wavu wa macho madogo ukikamatwa huchomwa.

Kama moyo wake uko ziwani, aanzie nchi kavu. Chanja za kuanikia, turubai la mvua na mtaji wa kununua dagaa wabichi mwaloni vinamtosha kujifunza msimu mmoja mzima, na chanja huziona kila asubuhi kwa macho yake. Asizidishe robo ya fedha. Sehemu kubwa iende kwenye hati fungani za Serikali (unaikopesha Serikali, inakulipa riba), ambazo huanzia shilingi 1,000,000 na hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Benki Kuu ina tawi Mwanza. Kiasi cha matumizi ya miezi sita kibaki mahali pa kuchukulika haraka. Na mkopo unaolipwa kwa kukata pensheni asiuchukue kwa ajili ya injini.

SWALI: Nimepigiwa simu na mtu anayejua jina langu na tarehe yangu ya kustaafu. Anataka 150,000 ili faili langu "lisogee". Nitume?
*Mzee wa Sengerema*

JIBU: Usitume, mzee wetu. Mafao hayalipiwi ada. Kata simu, usimtajie namba ya siri wala tarakimu zinazoingia kwa ujumbe. Daraja la Kigongo–Busisi lipo sasa, kivuko hakikucheleweshi tena: chukua kitambulisho cha NIDA, barua ya kustaafu na kadi ya benki, nenda ofisini mwenyewe uulize faili limefika meza gani. Ukiwa hapo angalia kama jina la NIDA, la benki na la barua ya ajira yanafanana herufi kwa herufi, maana "Masanja" mahali pamoja na "Massanja" pengine ndiyo hukwamisha faili kweli.