Jibu: Kwa nini Ufaransa ilipoteza nusu fainali ya 1982 ikiwa inaongoza 3-1?

Ndugu yangu, umeuliza ilikuwaje Ufaransa ikaachia uongozi wa mabao mawili mbele ya Ujerumani Magharibi katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la soka pale Sevilla, Hispania, tarehe 8 Julai 1982. Kwa maoni yangu, mzizi wa jambo hilo uko katika kipindi cha pili, wakati Mfaransa Patrick Battiston, aliyekuwa ameingia dakika chache tu kabla, alipochomoka peke yake kuelekea langoni na kipa wa Ujerumani, Harald Schumacher, akamrukia kwa nyonga, akamwangusha akiwa hana fahamu na meno yameng'oka. Mwamuzi Charles Corver hakutoa hata adhabu ndogo. Aliamuru mpira upigwe kutoka golini. Bado namwona Michel Platini akitembea kando ya machela, ameushika mkono wa mwenzake.

Ufaransa ililazimika kumwingiza Christian Lopez badala ya Battiston, na kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu wachezaji wawili tu wa akiba, ikabaki bila nguvu mpya katika muda wa nyongeza. Katika muda huo Wafaransa Trésor na Giresse walifunga, ikawa 3-1, lakini badala ya kulinda lango waliendelea kushambulia, jambo ninaloliheshimu hadi leo. Ujerumani ilimwingiza Karl-Heinz Rummenigge, akafunga la pili, kisha Klaus Fischer akasawazisha kwa tikitaka. Katika mikwaju ya penalti, ya kwanza katika historia ya Kombe la Dunia, Wafaransa Six na Bossis walikosa, na Mjerumani Hrubesch akamaliza kazi.