Uwanja wa Besiboli Hupimwa kwa Kamba, Hauchorwi kwa Hatua

Juzi mwalimu mmoja wa Nachingwea ameniandikia: "Kaka, nimeona picha za vijana wako. Nipe vipimo vya uwanja wa besiboli, nina watoto na eneo nyuma ya madarasa." Nimeshamjibu, ila naandika na hapa kwa sababu najua wenye kiu hiyo huku Kusini mko wengi.

Mimi nilipoanza hapa Mtwara sikuwa na wa kumuuliza. Niliomba eneo nikaambiwa mchezo wenyewe wa kigeni, waache vijana wacheze mpira. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Tukapata kiwanja cha mchanga upande wa Shangani, tukang'oa visiki wenyewe, na sasa jioni wazazi wanakuja kutazama.

Haya, vipimo. Wakubwa hukimbia mita 27.43 kutoka besi moja (kituo anachogusa mkimbiaji) hadi nyingine, watoto mita 18.29. Anza na watoto. Chomeka kigingi cha homu, yaani pale anaposimama mpigaji, vuta mita 25.86 moja kwa moja mbele, chomeka cha besi ya pili. Sasa chukua kamba ya mita 36.58, funga kitambaa chekundu katikati yake kabisa. Ncha moja ishikwe homu, nyingine besi ya pili, kisha mtu avute kitambaa kulia mpaka kamba ikaze: hapo ndipo besi ya kwanza. Vuta kushoto, umepata ya tatu. Kamba iwe ya katani, ya nailoni inavutika na kukudanganya.

Mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, wengi humweka katikati ya hizo besi. Hapana! Kwa watoto anasimama mita 14.02 kutoka homu, yaani kaivuka katikati kidogo. Kwa wakubwa ni mita 18.44, na huko hafiki katikati. Ukikosea hapo, mpigaji ama hauoni mpira, ama anaupiga bila jasho.

Sheria si ngumu. Timu ina wachezaji 9. Straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha; zikifika 3, yuko auti, yaani ametolewa. Boli ni mpira uliorushwa vibaya naye akauacha; zikifika 4, anatembea bure hadi besi ya kwanza. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, auti. Auti 3, mnabadilishana: waliokuwa wakipiga wanakwenda kudaka. Anayezunguka besi zote na kurudi homu kapata alama. Mpira uliotua nje ya mistari inayotoka homu kupitia besi ya kwanza na ya tatu ni faulo.

Na jamani, walimu wenzangu, fundisheni nidhamu kabla ya gongo. Mwamuzi asimame nyuma ya mdakaji, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji, na akisema auti, ni auti. Vijana wetu wamezoea kumzonga refa kwenye mpira wa miguu, na sisi watu wazima ndio tuliowazoesha. Kwangu anayemzonga mwamuzi anaweka glovu chini na kukaa nje mpaka mechi iishe, hata akiwa mrushaji wangu bora.