Mama Alitimiza Miaka 70, Akarudi Nyumbani na Njaa

Tulikuwa tunatoka Entebbe, saa kumi na moja jioni, magari mawili yanafuatana kwenye barabara ya zamani. Tulipofika Kajjansi Mama akanigusa bega. "Mwanangu, simama hapo kwa yule anayechoma gonja." Akanunua ndizi mbili za kuchoma. Ya kwanza aliila bila kusema neno, akaanza ya pili, na hapo ndipo nilipoelewa. Siku hiyo mama yangu alikuwa ametimiza miaka 70. Tulimvalisha gomesi mpya, tukampeleka kwenye mkahawa wa Kiitaliano wenye bustani inayotazama ziwa, watu 13, keki ya ghorofa mbili, picha zisizohesabika. Na alikuwa hajala.

Hakulalamika hata mara moja. Watu wa rika lake hawalalamikii chakula cha kualikwa. Mimi ndiye niliyemwagizia tambi za nyama, nikidhani ndicho kitu kilicho karibu zaidi na alivyozoea. Zilipofika aliuma mara moja, akaweka uma chini, akaninong'oneza, "Hizi hazijaiva." Nikamwambia ndivyo wanavyozipika. Kweli ndivyo: Waitaliano hupenda pasta iliyobaki na ukinzani kidogo katikati, wao husema al dente, yaani jino liisikie. Kwa mpishi wao huo ndio ustadi wenyewe. Lakini Mama amekula maisha yake yote matooke yaliyofukizwa ndani ya majani ya mgomba mpaka yakalegea, na meno yake ya juu ni ya kuweka. Nilipaswa kumwita mhudumu palepale arudishe sahani ikaongezewe dakika tano jikoni. Badala yake nilimweleza mama yangu kwamba chakula kiko sawa.

Mwaka huu tulirudi Entebbe kwa siku yake ya 71, na nataka kueleza tulichobadilisha, kwa sababu najua familia nyingi hapa Kampala zinafanya safari hii hii kila Jumapili.

Kwanza nilienda peke yangu, Jumanne, siku isiyo na wateja wengi. Niliketi na msimamizi, nikamwambia nina mzee wa miaka 71, meno yake hayana nguvu, hapendi jibini lenye harufu kali, ninyi mna nini? Nilishangaa jinsi alivyofurahia swali hilo. Alinitajia supu yao ya mboga na maharage, minestrone. Akanitajia gnocchi, vidonge vya viazi vilaini ambavyo havihitaji meno kabisa. Risotto niliikataa mwenyewe, maana namjua Mama: wali wa majimaji kwake ni mashendea ya mgonjwa, hata ukiupika kwa supu nzuri namna gani. Samaki wa kuchoma wapo kila mahali Entebbe, ziwa liko hapo chini. Kisha akauliza kama Mama anakula polenta. Nikauliza ni nini. Akasema ni unga wa mahindi uliosongwa. Nikamwambia, kaka, hiyo ni posho! Tukakubaliana ataisonga, pamoja na nyama ya ng'ombe iliyochemshwa saa tatu kwenye mchuzi wa nyanya.

Hilo la pili ni muda. Siku ile ya kwanza piza za watoto zilitoka mapema, wakamaliza, wakaanza kukimbizana bustanini, na sahani ya Mama ikafika saa nzima na dakika ishirini baada ya kuagiza. Kuna sababu. Piza ikiingia kwenye tanuri la kuni lililopashwa vizuri huiva haraka mno; kule Naples huoka kwa nyuzi 430 hadi 480 na inatoka ndani ya sekunde 60 mpaka 90. Ila tanuri la pale lilibeba piza tatu kwa mkupuo, na Jumapili saa saba mchana kila meza inataka piza. Vya kuchemsha na kuchoma vinasubiri jiko jingine, wapishi wengine. Kwa hiyo agiza siku moja kabla, kwa simu, na useme wazi: sahani ya mzee itoke ya kwanza, watoto wafuate. Tulipofanya hivyo, Mama alikuwa anakula wakati wengine bado tunachagua viti.

Kuhusu viti pia: usimkalishe mzee ukingoni mwa bustani kwa ajili ya picha. Upepo wa ziwa baada ya saa tisa si mchezo kwa magoti.

Kama familia yenu ni mchanganyiko kama yetu, ulizeni viungo. Shangazi yangu ni Mwislamu, baba mdogo ni Msabato, na kwenye menyu ya Kiitaliano nguruwe yumo chini ya majina ambayo hutayatambua: prosciutto, pancetta, guanciale, salame. Carbonara inaonekana kama tambi na mayai tu, lakini nyama yake ni ya nguruwe. Mchuzi wa nyama mara nyingi hutiwa mvinyo. Tiramisu, ile keki ya kahawa ambayo kila mtu huisifia, wengi huiweka pombe. Shangazi alikuwa ameshachota kijiko mwaka jana mhudumu alipopita na kutaja, na uso wake ulivyobadilika sitausahau. Msichana yule alifanya vema kusema. Sisi tuliomwalika ndio tulipaswa kuwa tumeuliza.

Sasa hili la pesa, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Menyu ya mwaka jana ilikuwa na maandishi madogo chini ya ukurasa: bei hazina VAT. Kodi hiyo kwetu ni asilimia 18, hivyo piza uliyoiona kwa shilingi 40,000 unailipia 47,200. Zidisha kwa meza ya watu 13. Juu yake kulikuwa na malipo ya kukata keki tuliyoileta wenyewe. Bili ilipokuja, mimi na kaka zangu tukaanza kuhesabu palepale, huyu alikula nini, yule ana watoto wangapi, nani atume kwa simu. Tulikuwa tunaongea kwa upole, lakini tulikuwa tunaongea mbele yake. Mama akafungua mkoba, akatoa leso, akaifungua fundo, akaweka mezani noti ya 20,000 iliyokunjwa mara nne. "Nami nichangie," akasema.

Tafadhali, msimfikishe mzazi wenu hapo. Mwaka huu tulichanga wiki mbili kabla, kila mmoja akanitumia kwa simu pamoja na ya kutolea, nikaulizia jumla ikiwa na kodi na keki ndani yake, nikalipa nusu siku ya kuagiza na nusu nilipokwenda kunawa mikono. Mezani haikuja karatasi yoyote. Hata shilingi 5,000 za kupita barabara mpya ya Entebbe nilizipiga hesabu mapema kwa kila gari.

Mama alikula posho yake yote. Alimwita mpishi atoke, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamuuliza kwao Italia mahindi wanalima wenyewe? Halafu akaanza kusimulia habari za Kilembe, mgodi wa shaba chini ya milima ya Rwenzori, ambako baba yetu alikuja kutoka Tanga kutafuta kazi, na ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi kwa sababu watu walitoka kila upande. Wajukuu walikuwa hawajawahi kuzisikia. Mwaka jana hakuwa na nguvu ya kusimulia chochote.

Mwanangu wa darasa la sita alikuwa akisoma menyu. "Jjajja, hapa kuna piza ya mlima wenu. Margherita." Nikamweleza anachokijua nusu: kilele hicho cha Rwenzori, mita 5,109, kilipewa jina la malkia Margherita wa Italia na msafara wa Luigi Amedeo, mkuu wa Abruzzi, aliyekipanda mwaka 1906. Na piza, kama wengi wanavyosimulia, ina jina la malkia huyohuyo.

Mama alikuwa ameinua kichwa. Asubuhi zisizo na mawingu, alisema, akiwa msichana anayechota maji, theluji ilionekana kule juu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lile ni jina la mtu.

"Basi ileteni," akasema. "Ila ukingo mgumu mle ninyi."