Kueleza Upya Maandishi ya Kiingereza: Anza na Maana

Katika insha nyingi za Kiingereza ninazosaidia kuzipitia, mwanafunzi akitakiwa kueleza wazo la mwandishi mwingine kwa maneno yake, hukimbilia kamusi ya visawe. Hubadilisha neno mojamoja, na sentensi hubaki na umbo lilelile.

Kueleza upya ni kuichukua maana nzima na kuitoa kwa maneno na muundo wako, bila kupunguza wala kuongeza. Muhtasari hufupisha, nukuu huyaacha maneno ya mwenyewe yalivyo, ndani ya alama za mtajo.

Chukua sentensi hii: "The new drug may reduce pain in some patients." Mtu wa visawe ataandika: "The fresh medicine may shrink ache in some sick people." Kila neno linakaribiana na lile la awali, ila Kiingereza hakisemwi hivyo. Mwingine ataandika: "The new drug stops patients' pain." Kisarufi haina kasoro, lakini kwangu hii ndiyo mbaya zaidi. "May" na "some" zimepotea, na mtafiti aliyesema kwa tahadhari sasa anaonekana kutoa ahadi! Mimi ningeandika: "Some patients may feel less pain when they take the new drug." "Drug" na "patients" yamebaki, wala si vibaya, istilahi haibadilishwi ili mradi tu ibadilike.

Njia ninayoitegemea ni kusoma hadi nielewe, kufunika maandishi, kisha kuandika kama ninayemweleza rafiki. Ndipo ninafunua na kulinganisha, nikisaka mifuatano ya maneno iliyofanana mno na tahadhari zilizodondoka njiani. Ukifunika ukakosa hata la kuanzia, usilaumu msamiati wako kwanza. Rudi usome tena.

Na chanzo kitaje, hata kama hakuna neno lake lililobaki, maana wazo bado ni la mwenyewe. Mitindo ya APA na MLA, yaani kanuni za kutaja vyanzo katika maandishi ya kitaaluma, yote inadai hivyo.

Wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, wanauhitaji ujuzi huu hata kabla ya kushika kalamu. Katika kusoma na kusikiliza, maswali mara nyingi huuliza kwa maneno tofauti na yaliyomo kwenye matini, kwa hiyo anayewinda neno lilelile hulipita jibu.