Mjomba wangu alivyogeuka stika

Mwaka juzi tulikuwa na kilio cha bibi, huku Katuba, Lubumbashi. Usiku wa tatu mjomba wangu, mdogo wake mama, alipitiwa na usingizi kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi, kikombe cha chai kimesimama wima juu ya goti. Halikumwagika hata tone. Nikapiga picha, nikakata pembeni, nikaandika chini "Tunangoja umeme", nikaitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Tulicheka mpaka mama akatukaripia.

Baada ya wiki mbili ilinirudia kwa mteja wa dada yangu, mama mmoja anayechukua vitenge kwetu. Uso ni uleule, maneno mengine: "Nangoja deni langu". Kisha ikaja "Baba mkwe akihesabu mahari". Kisha moja ya Kilingala. Kwa kupigwa upya kwenye skrini mara nyingi, ilikuwa imefifia hata kikombe kimekuwa doa jeupe. Juu yake ilibeba ile mishale miwili ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliopita mikono mitano au zaidi. Tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo unapitishwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati. Haikusaidia kitu, watu wa hapa wana subira.

Sikuwa nimeelewa nimefanya nini: nilikuwa nimetengeneza mimu, ile picha ya utani ambayo kila mtu anaipitisha na maneno yake. Neno "mimu" (kwa Kiingereza "meme") lilitungwa 1976 na Richard Dawkins, mtaalamu wa biolojia wa Uingereza, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichoigwa. Hakuwa na stika akilini. Alitaja nyimbo, misemo, mitindo ya nguo, hata namna ya kufinyanga vyungu: mambo yanayoruka kutoka kichwa hadi kichwa, na kila anayeyapokea anaweza kuyabadilisha kidogo.

Lubumbashi hatukungoja intaneti kwa hilo. Miaka hiyohiyo ya 70, sebule nyingi za mji huu zilikuwa na picha ya mamba muntu ukutani, mwanamke nusu samaki, nyoka yuko naye. Wachoraji waliirudia bila kuchoka. Huyu anamvisha saa ya mkono, yule anabadilisha nywele. Mnunuzi alitaka ileile ya jirani, lakini iwe yake. Na 2010, TP Mazembe, klabu yetu ya mpira, walipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu kule Abu Dhabi, kipa Kidiaba alishangilia kwa kurukaruka akiwa amekaa chini, kwa makalio. Watoto waliichukua siku hiyohiyo. Bao la mpira wa makaratasi, makalio chini! Haikuhitaji tafsiri wala vifaa, zaidi ya suruali ambayo mama yako hataiulizia.

Kinachosambaa ni kile kinachomwachia mwenzako nafasi ya kuweka lake. Mtu aliyelala anaweza kuwa anangoja chochote, umeme, deni, mahari. Lakini mamba muntu hana ndugu Katuba, na Kidiaba alifanya yake mwenyewe mbele ya kamera za dunia. Mjomba alikuwa na jina, na ni mzee wa kanisa. Jumapili moja kijana wa kwaya alimwonyesha simu akidhani anajua.

Alinipigia jioni. "Mwipwa, hii njo kazi yako?" Nikasema ndiyo. Akakaa kimya, kisha akaniambia kwamba siku zile tatu alikuwa hajafumba jicho. Ni yeye aliyekimbilia mochwari, sanduku, gari. Mimi nilijua yote hayo nilipokuwa nakata ile picha pembeni. Nilikata na sahani za wageni aliowahudumia.

Kwa hiyo, ukitaka kuchekesha, chukua kitu. Mimi sasa napiga picha mbabula (jiko la makaa) iliyozimika, bidoni (dumu) tupu, sufuria ya bukari (ugali) iliyobaki ukoko. Mbabula yangu ilifika mpaka mji wa Likasi na hakuna aliyeona haya. Maneno yawe machache, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Ukieleza sana, mwingine hana pa kuingilia. Uso wa mtu unayekutana naye, omba kwanza, na umwonyeshe maneno pia, maana mtu anaweza kukubali picha akakataa maandishi.

Kuna picha nyingine mimi siziwekei utani kabisa. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire, wachezaji wetu wa Kongo walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola, kwa ajili ya wanaouawa mashariki mwa nchi yetu. Niliiweka kwenye wasifu wangu bila neno.

Na ikishakutoroka? Kufuta kunaondoa ile uliyoituma wewe tu, zilizopitishwa na wengine zinabaki. Usiitume tena ukiandika "jamani msisambaze hii". Nilifanya hivyo, nikapata wasambazaji wapya. Nenda kwa mwenyewe kabla hajaonyeshwa na mtu wa kwaya. Mimi nilichelewa.

Mwezi uliopita tulikuwa na kilio kingine, huku Ruashi. Mjomba alikuwa amesimama karibu na mlango tangu mchana. Nikamletea kiti. Akakishika mgongo, akakigeuza kunielekea, akaniambia nikae mimi.