Ratiba ya rangi nne

Juzi jioni nimeoneshwa ratiba. Kijana wetu mmoja pale ofisini kanifuata na laptopu mkononi, uso unang'aa kama aliyeona jina lake kwenye matokeo. "Braza, kongamano lote nimeshalipanga." Nikaangalia. Kongamano la waandika programu, mada 19 kwa siku mbili. Njano ni data, bluu ni wavuti, kijani ni usalama, nyekundu ni "nisikose", na nyekundu zilikuwa 12. Kati ya mada na mada amejiachia dakika tano, kumbi zenyewe ziko ghorofa tofauti. Nikamuuliza atakula saa ngapi. Akasema atabeba karanga.

Ni wa tatu huyo tangu mwaka uanze. Wote wanakuja na ratiba ileile, zinatofautiana rangi tu. Sikumcheka mbele yake, maana ratiba ile naifahamu: niliwahi kuichora mwenyewe, nikaenda nayo hadi Nairobi, nikarudi nayo. Basi nawaandikia wote kwa pamoja, nisije nikarudia maneno haya kila kongamano linapokaribia.

1. Anza kwa kujua ni ukumbi gani una kamera.

Mada inayorekodiwa haikimbii. Utaitazama nyumbani umevaa msuli, ukiisimamisha pale mtoa mada anaporuka slaidi yenye msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu. Mikutano ya PyCon ya Marekani, ya watumiaji wa lugha ya programu ya Python, huwekwa YouTube. FOSDEM ya Brussels, kongamano la programu huria linalofanyika kila mwaka mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari kwenye chuo kikuu cha ULB, hurekodi mamia ya mada ndani ya wikendi moja. Kule hakuna kiingilio wala kujiandikisha. Kiingilio chake ni viza na nauli ya ndege. Na kule ndiko mtu anajifunza kwa nguvu kwamba ratiba iliyojaa ni ndoto: chumba kikijaa, mlangoni panawekwa tangazo kwamba kimejaa, na hapo huingii hata ungekuwa wewe ndiye uliyeiandika hiyo programu. Wazoefu huchagua chumba kimoja cha mada wanayoihitaji, wakaingia asubuhi na kukaa humo kama waliokodi.

Kwa hiyo kalamu ya kwanza ipite kwenye vyumba visivyo na kamera. Huko ndiko unakolipia nauli.

2. Nenda na swali moja. Moja.

Hili ndilo lililoniponza, mnivumilie nilieleze lote.

Miaka saba iliyopita tulikuwa watu wanne kwenye chumba kimoja Sinza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulitengeneza mfumo wa wazazi kulipia ada za shule kwa simu. Ulikuwa na ugonjwa mmoja: mtandao ukisuasua, mzazi anabonyeza "lipa", haoni kitu, anabonyeza tena. Maombi mawili yanaondoka, yote yanafanikiwa, pesa inakatwa mara mbili. Halikuwa kosa la kampuni ya simu, lilikuwa letu. Hatukuwa na njia ya kujua kwamba ombi la pili ni lile la kwanza limerudi.

Bosi wetu, dada mmoja asiyepoteza maneno, akanilipia tiketi ya kongamano la Nairobi, basi la kwenda na kurudi na usiku tatu za gesti. Akaniambia, "Nenda, uniletee dawa ya malipo yanayojirudia." Basi. Hakuniambia nijifunze teknolojia, hakuniambia nikatangaze jina la kampuni. Dawa.

Tukaondoka Dar alfajiri. Mpaka tunafika Namanga nilikuwa nimeshaisahau ile sentensi, kwa sababu nilikuwa na ratiba kwenye simu na kazi ya kuipaka rangi ilikuwa tamu. Mwaka ule kila kitu kilikuwa blokcheni, yaani kumbukumbu zinazotunzwa kwa pamoja kwenye kompyuta nyingi. Mahindi blokcheni, hati za viwanja blokcheni, maziwa ya ng'ombe blokcheni. Mimi sikuwa na ng'ombe, lakini nikaweka nyekundu.

Siku ya pili, saa nane na nusu mchana, zilikuwapo mada mbili kwa wakati mmoja. Ukumbi mkubwa: blokcheni na mustakabali wa Afrika, mtoa mada katoka ng'ambo, picha yake kwenye bango la mlangoni. Chumba kidogo mwisho wa korido, karibu na choo: "Ufunguo mmoja kwa ombi moja". Jina kavu, mtoa mada simjui, viti kama arobaini. Nikakiwekea kijivu, maana yake "nikipata nafasi". Hata sikusoma maelezo yaliyokuwa chini yake. Ningeyasoma, ningeliona neno "malipo" limeandikwa mara tatu.

Sasa sikilizeni sehemu inayouma. Mchana ule ule, kabla ya mada hizo, nilikaa meza moja ya chakula na mzee mmoja aliyevaa sweta, anakula taratibu kama mtu asiye na haraka na dunia. Akaniuliza kwa Kiswahili cha Mombasa, "Ndugu yangu, watoka wapi?"

"Dar."

"Karibu sana. Na huko mwafanya nini?"

"Mifumo ya malipo," nikamjibu, macho kwenye simu, maana mada ya saa tisa ilikuwa imehamishwa ukumbi na rangi zangu zote zimevurugika.

"Ala! Hata mimi."

Nikamwambia, "Hongera."

Hongera! Mtu ananiambia anafanya kazi ileile iliyonitoa Dar kwa basi, namwambia hongera kama kaoa. Nikabeba sahani, nikawahi kiti cha mbele ukumbi mkubwa. Yeye akamaliza chai yake, akaenda kwenye chumba cha mwisho wa korido, akawaeleza watu wasiozidi ishirini jinsi ya kuzuia malipo yasijirudie.

Jumatatu nikasimama mbele ya wenzangu na slaidi 31. Nilikuwa na fulana mbili, stika za kufunika laptopu nzima, na picha za skrini za watu wengine zisizosomeka kwa sababu ya kichwa cha aliyekaa mbele yangu. Bosi akanisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Na yale malipo?"

Nikasema nitaangalia video.

Video haikuwapo. Kamera zilikuwa ukumbi mkubwa tu. Ile ya blokcheni ipo mpaka leo, nimeipitia tena wiki hii. Imetazamwa mara mia mbili na kitu, na nadhani baadhi yake ni mimi.

Ikaja Januari, shule zinafunguliwa, kila mzazi analipa wikendi moja. Tuliwakata wazazi 63 mara mbili. Tulirudisha pesa mmoja mmoja, kwa mkono, na daftari la kurasa mia, hadi usiku. Wengi walitukana kwenye simu, na matusi unayazoea. Ambaye sijamzoea ni mama mmoja muuza vitumbua, alipanda ngazi zetu na ujumbe wa simu aliokwenda kuchapiwa stesheneri, ameufunga kwenye pindo la khanga. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mjukuu wangu ni mmoja. Mbona mmemlipisha kama wawili?"

Ningetamani angetukana.

Wiki ile nikawaandikia waandaaji kumwomba yule mtoa mada wa chumba kidogo. Wakamuuliza kwanza, akakubali, nikamwandikia. Akanijibu jioni ileile. Dawa yenyewe ilikuwa fupi hadi inatia hasira: ufunguo, yaani namba ya kulitambulisha ombi, unatengenezwa mara moja mzazi anapofungua ukurasa wa kulipa, wala si kila anapobonyeza, unasafiri na kila ombi, kwenye databesi safu ya ufunguo huo unaiwekea sharti la kutojirudia, ombi la pili likija linakataliwa na mzazi anarudishiwa jibu la lile la kwanza. Tuliiweka kwa siku moja na nusu. Mwisho wa barua aliongeza mstari mmoja: "Wewe si yule kijana wa Dar aliyekuwa ashughulika na simu?"

Haya. Kabla hujapaka rangi yoyote, andika kwenye karatasi tatizo moja linalokunyima usingizi kazini. Mada isiyoligusa, hata ingekuwa ya nani, ni kijivu.

3. Soma maelezo ya mada, achana na kichwa chake. Kisha mtafute mtoa mada uone kama mfumo huo ameuendesha mwenyewe na ukamwangukia usiku, au ameusoma wiki iliyopita. Anayesema "tulichokosea" mpe nafasi kuliko anayesema "mustakabali".

4. Kutoka katikati ya mada.

Najua. Mmelelewa, nami nimelelewa: mtu akizungumza, hasa mkubwa, huinuki ukampa mgongo. Lakini Harrison Owen, Mmarekani aliyeanzisha ile mikutano isiyo na ratiba ya kupangiwa katikati ya miaka ya 1980, alikuwa na kanuni yake ya miguu miwili: kama mahali ulipo hujifunzi wala huchangii, tumia miguu yako uende pengine. Watoa mada wa makongamano yetu wanalijua hilo na hawakasiriki. Ukiona aibu, fanya kama mimi: kaa pembeni, karibu na mlango, begi mapajani. Mara moja niliondoka nimeshika simu sikioni kama niliyepigiwa. Ikaita kweli. Msifanye hivyo.

5. Koridoni ndiko kuna kongamano.

Acha angalau saa moja na nusu tupu kila siku. Tupu kweli, isiyo na rangi. Mkisimama kuzungumza, kumbukeni ushauri wa Eric Holscher, mmoja wa waanzilishi wa Read the Docs, tovuti ya kuwekea maelezo ya programu: duara la watu liwe na mdomo wazi kama wa Pac-Man, yule wa mchezo wa kompyuta, ili mgeni apate pa kuingilia, na akishaingia mfungue tena. Sisi tukitoka ofisi moja tuna tabia ya kuganda pamoja kama uji uliopoa. Watu watano mnakaa nyumba moja, mnakula pamoja kila siku, halafu mnasafiri kilomita mia nane na zaidi kwenda kusimama pamoja. Tawanyikeni, mtakutana kwenye basi.

Na mtu akikuuliza unafanya nini, usimjibu "hongera".

6. Mada fupi za dakika tano, ziandike jina lako. Kongamano nyingi huwa na karatasi ukutani au fomu siku hiyohiyo. Dakika tano haziui, na ukisema "sisi tunahangaika na hiki", wenye jawabu watakutafuta wenyewe. Mimi mwaka uliofuata nilipanda jukwaani na ile hadithi ya wazazi 63. Sauti ilitetemeka, slaidi ya pili ilikataa kufunguka, na watu wanne walinifuata kwenye chai kuniambia na wao mfumo wao unakata mara mbili. Mmoja alikuwa anauza tiketi za mabasi.

7. Usiondoke mada zikiisha. PyCon ya Marekani ikishamaliza mada huwa na siku za ziada za watu kukaa mezani na kuandika msimbo pamoja, na mara nyingi aliyekaa mbele yako ndiye mwenye laibrari (msimbo wa kuazima) unayoilaani kila siku. Ukiona siku za namna hiyo kwenye ratiba yoyote, panga nauli ya kurudi baada yake. Visingizio vya umbali navyo vinapungua. DjangoCon Africa ya kwanza, kongamano la watumiaji wa Django, zana ya kutengenezea tovuti, ilifanyika Zanzibar, Novemba 2023. Iliyofuata ikaja Arusha, Agosti 2025. Boti na basi. Kijana wa Dar aliyekosa zote mbili asinilalamikie habari za viza.

8. Vitu vidogo: ekstensheni yenye matundu manne inakupa marafiki wengi kuliko kadi za biashara. Bando lako mwenyewe, maana waifai ya ukumbi hufa ikifika saa tatu asubuhi. Viatu ulivyovizoea. Daftari, ambalo halizimiki.

9. Usiku huohuo, kabla ya kulala, andika mistari mitatu ya ulichosikia kwa maneno yako. Picha za slaidi hutazifungua. Mimi ninazo za tangu mwaka ule, zinahama simu hadi simu, na kile kichwa cha jamaa aliyekaa mbele yangu sasa nakijua kuliko cha mjomba wangu.

Yule kijana wetu nilimpa kalamu nyekundu, nikamwacha. Leo asubuhi karudi na mada sita. Juu kabisa kaandika swali lake, la foleni ya ujumbe inayoziba kila mwisho wa mwezi, na chumba alichokiwekea duara kina viti thelathini na hakina kamera. Ya akili unde kwenye ukumbi mkubwa kaifuta, kairudisha, kaifuta tena; karatasi imetoboka mahali hapo. Akauliza kama sasa aache karanga nyumbani.

Azibebe. Foleni ya chakula siku ya kwanza naijua.